Moyo Mmoja Katika Faili la Ujenzi

I

Ujenzi wa toleo la 212 ulisimama Jumatano saa mbili na dakika kumi asubuhi, mahali palepale uliposimama Jumanne na Jumatatu. Subilaga Mwaisumbe aliusoma mstari mwekundu kwenye kioo bila haraka, kama mtu anayesoma barua ambayo tayari anajua imeandikwa nini. Shabaha ya K3 imeshindikana. Ujenzi umesitishwa.

Aliinuka akaenda dirishani. Nyanda za Kitulo zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na upepo ulikuwa ukiingia kwenye matundu ya ukuta wa kaskazini kwenda kuzipoza mashine elfu mbili zilizopangwa ghalani. Kituo cha Ujenzi kilijengwa huku juu kwa ajili ya baridi hiyo. Subilaga alipoletwa, miaka kumi na minne iliyopita, walikuwa watu sita, na kila asubuhi kulikuwa na ugomvi wa nani ataanza kuoga. Mmoja aliolewa akashukia Njombe, wawili wakahamishwa, mmoja akaugua akaenda kuzikwa kwao Rungwe, na wa mwisho, Ambakisye, alistaafu Juni ya mwaka uliopita. Aliondoka na mabegi mawili na ahadi ya kupiga simu kila wiki. Alipiga mara mbili. Tangu hapo Subilaga alibaki na vyumba sita vya kulala, na kila Jumapili alivifungua vile vitano asivyovilalia ili viingie hewa, kisha akavifunga tena.

Kazi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache, ingawa kuijua kulichukua miaka. Nchi nzima iliendeshwa na mfumo mmoja uitwao Mhimili: pampu za maji, lifti, treni, vitanda vya watoto njiti, vifaa vya moyo. Msimbo wa Mhimili uliandikwa na mitambo, upesi kuliko binadamu yeyote angeweza kusoma. Lakini palikuwa na mwaka mmoja ambao mitambo ilijijengea toleo lisilosomeka na mtu, na treni zikasimama siku kumi na tisa bila yeyote kujua kwa nini. Baada ya hapo ilitungwa sheria kwamba utaratibu wa kujenga, yaani kipi kinatokana na kipi na kipi kitangulie, utaandikwa kwa mkono wa mtu na kutiwa saini na mtu. Utaratibu huo ulikaa kwenye faili moja la mistari elfu kumi na moja, ambalo wahandisi wa zamani waliliita makefile na Subilaga aliliita faili la ujenzi. Faili hilo halikujua kizuri wala kibaya. Lilijua tu kwamba kitu hiki, ambacho liliita shabaha, kinategemea kile, na kwamba kile kikiwa kipya kuliko hiki, basi hiki kijengwe upya. Mtu mmoja tu aliyekuwa hai na bado kazini alijua kwa nini kila mstari uko pale ulipo, na mtu huyo alikuwa amesimama dirishani na shali mabegani.

Saa tatu simu iliita. Alikuwa Salha Mngazija, Mkurugenzi wa Idara ya Matoleo kule Dodoma, mwanamke aliyemzidi Subilaga cheo na kuzidiwa naye umri.

“Dada Subilaga, umeamkaje?”

“Nimeamka salama, Mkurugenzi. Habari za huko?”

“Za huko mbaya. Jana umeingiliwa mji wa nne. Mtu asiyejulikana amefunga valvu zote za maji kwa ule upenyo kwenye kiendeshi cha pampu. Hospitali imewaosha wagonjwa kwa maji ya chupa. Kiraka kimo kwenye 212, na 212 iko kwako.”

“Ninajua.”

“Bado ni K3?”

“Bado. Kompaila ya K3, ile inayoutafsiri msimbo kwa kifaa, ni ya zamani mno, haikielewi kiini kipya cha Mhimili. Naweza kuirekebisha. Nipe siku sita.”

“Sina siku sita. Nina hadi Jumamosi saa sita mchana, na hizo nimezipata kwa kubembeleza. Ifute K3. Ni mistari mingapi?”

“Arobaini na mmoja.”

“Ifute. Hao watu waliwekewa vile vifaa vya moyo miaka thelathini na moja iliyopita. Rejesta inasema waliobaki hai ni sifuri.”

“Rejesta inasema sifuri,” Subilaga akasema. “Sanduku la matoleo linasema mmoja.”

II

Alikuwa amelijua jambo hilo kwa miaka tisa na hakuwahi kumwambia mtu wa nje ya Kituo, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyeuliza.

Kila toleo lilipotiwa saini liliwekwa kwenye sanduku, na vifaa vyote nchini vikaja kuchukua sehemu yake. Sanduku lilihesabu tu. Pampu, elfu themanini. Lifti, elfu sita mia tatu. Vifaa vya moyo vya aina mpya, laki moja na zaidi. Na chini kabisa, K3: moja. Halikusema ni cha nani wala kiko wapi, kwa sababu sheria ililikataza lisijue. Ambakisye, alipokuwepo, alisema pengine ni kifaa cha majaribio kilichosahaulika kwenye kabati la maabara. Lakini K3 hakikuwa na betri. Kilikula joto la mwili. Kabati halina joto, wala kaburi halina. Popote kilipokuwa, kilikuwa ndani ya mtu mwenye damu ya moto.

“Na kikikosa toleo?” Salha aliuliza kwenye simu ileile, maana hakuwa mtu mbaya.

“Muhuri wake unakwisha baada ya siku arobaini. Ukiisha, kinajifunga kwenye mwendo mmoja, mapigo sitini kwa dakika, basi. Mtu akikaa kitini ataishi. Akipanda ngazi ataanguka.”

“Na pengine asiinuke.”

“Pengine.”

Subilaga alisikia kalamu ikigongwa mezani kule Dodoma.

“Dada, nikikuwekea watu laki mbili wasio na maji upande huu na mtu mmoja nisiyemjua upande ule, unataka nifanye nini? Toa 212 Jumamosi. Siku arobaini ni nyingi. Baada ya hapo, kama yupo kweli na akajitokeza, tutaona.”

“Atajitokezaje, na yeye hajui?”

“Jumamosi saa sita,” Salha akasema.

Simu ilipokatika, Subilaga hakurudi kwenye meza yake mara moja. Alitembea ghalani kati ya safu za mashine, mikono ndani ya shali, akipita kwenye vijia ambavyo zamani alipishana na wenzake. Alikuwa akifikiria faili moja.

Ndani ya hazina ya msimbo wa Mhimili, kwenye folda ya K3, kulikuwa na faili liitwalo mnasaji. Lilitoka miaka ya msako wa wapinzani, pale serikali ya wakati ule ilipogundua kwamba kifaa cha moyo kinaweza kumtaja mwenyewe. Liliandikwa ili K3 kiseme kiko chini ya mnara gani wa mawasiliano, na watu walikamatwa kwa njia hiyo vitandani mwao. Msako ulipokwisha, ikatungwa sheria ya kuuficha moyo wa mtu, na kila aliyekabidhiwa Kituo alikula kiapo chake. Mnasaji ulitolewa kwenye faili la ujenzi. Lakini hakuna aliyeufuta msimbo wenyewe. Ulibaki pale bila kutajwa na shabaha yoyote, na kitu kisichotajwa na shabaha yoyote hakijengwi kamwe. Ulikuwa umelala miaka ishirini na minane. Kuuamsha kulihitaji neno moja kwenye mstari wa K3 na amri moja chini yake.

Kwa siku arobaini angeweza kumtafuta mtu huyo kwa njia ya heshima. Lakini ipi? Kutangaza redioni kwamba mwenye K3 ajitokeze? Mtu aliyeokoka kwenye msako kwa kujificha asingetokea kwa kuitwa redioni. Pengine hata hakuwa na redio. Na hospitali zilishawafuta watu wa K3 wote kwenye majalada yao.

Alirudi mezani. Sheria ilimruhusu mjenzi kutoa marekebisho madogo ya aina moja bila kuomba ruhusa Dodoma. Toleo la 211 bado lilikuwa linajengeka kwa K3. Alifungua faili la ujenzi la toleo hilo, akashuka hadi mstari wa elfu saba mia tatu na kumi na tano, akaongeza neno mnasaji. Kwenye mstari wa chini yake akaandika amri. Kisha akaagiza ujenzi.

Ulikataa. Kitenganishi hakipo, mstari wa 7316.

Kila mstari wa amri katika faili la ujenzi huanza kwa kitufe cha tab, si kwa nafasi za kawaida. Kwa macho havitofautiani. Lilikuwa kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na yeye hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na mitatu. Aliondoa mikono kwenye kibodi. Ilikuwa kama amepewa nafasi ya kuinuka na kuondoka, na kwa dakika kadhaa aliiangalia nafasi hiyo. Hakuna mtu ambaye angemlaumu. Amri ilikuwa ya Mkurugenzi, rejesta ilikuwa sifuri.

Akazifuta zile nafasi, akabonyeza tab.

Ujenzi ulikwenda hadi mwisho. Akatia saini.

III

Jibu lilikuja Alhamisi saa moja asubuhi, kifaa kilipokwenda kuchukua sehemu yake sandukuni. Mnara ulikuwa wa Uvinza, kwenye kiwanda cha chumvi, mbali magharibi.

Angepaswa kuishia hapo. Alikusudia mnara tu. Lakini aliyeandika mnasaji aliuandika kwa ajili ya polisi, na polisi walitaka zaidi ya mahali. Chini ya jina la mnara kulitokea mstari wa kijani, ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka. Ilimchukua muda kuelewa kwamba anautazama moyo wa mtu ukipiga.

Sabini na mbili. Sabini na moja. Sabini na nne.

Alivuta kiti. Alijiambia kwamba anahakikisha tu kifaa kinafanya kazi vizuri, na huo ulikuwa uongo aliouamini kwa robo saa nzima. Saa nne kamili mapigo yalianza kupanda: themanini, tisini na tano, mia moja na kumi. Mtu huyo alikuwa anapanda kitu. Subilaga alikamata ukingo wa meza. Kisha yakatulia juu kwa muda, yakashuka taratibu, na yeye akajikuta ameshusha pumzi pamoja nayo.

Siku ile hakuufunga mstari. Aliuweka pembeni mwa kioo akaendelea na kazi ya kuitoa K3 kwenye 212, kazi ya kufuta mistari arobaini na mmoja na kuhakikisha hakuna kingine kilichoitegemea. Mara kwa mara alitupa jicho. Mchana moyo ule ulipopumzika, naye alipumzika. Alipoinuka kwenda kuchota maji alijikuta akisema, “Narudi sasa hivi,” kwa sauti, na alipojisikia akasimama mlangoni na ndoo mkononi. Hakuwa amesema neno lolote ndani ya nyumba ile, ukiondoa ya kwenye simu ya kazini, kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Ijumaa alifanya hivyohivyo. Alijua sasa kwamba mtu huyo anaamka kabla ya jua, kwamba anatembea polepole, kwamba saa nne ni saa yake ya kupanda. Alikuwa na namba ya simu ya lango la kiwanda imeandikwa kwenye karatasi mbele yake tangu Alhamisi. Hakupiga. Alijua kwamba akipiga atalazimika kusema alichofanya, na akishakisema, mstari ule utazimwa.

Ijumaa saa kumi alasiri mapigo yalipanda tena, na safari hii hayakupanda kama ya ngazi. Yalikwenda kwa mikupuo, yakasimama juu, yakatetemeka, yakashuka, yakapanda tena. Ilichukua karibu saa nzima. Subilaga alibaki ameuziba mdomo kwa mkono, akidhani anamwona mtu akifa. Yalipotulia aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, aibu ya mtu aliyekutwa amechungulia chumbani mwa wenyewe, ingawa hakuna aliyemkuta.

Jumamosi saa tano na dakika arobaini alitia saini toleo la 212, bila K3. Saa sita mchana Salha alipiga simu kusema kwamba pampu zinachukua kiraka, elfu nane, elfu ishirini, na miji minne imeanza kupata maji. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya wiki nzima. “Ahsante, dada,” alisema. “Najua haikuwa rahisi.”

Subilaga aliweka simu chini. Akaichukua tena, akapiga Uvinza.

IV

Aliyepokea alikuwa mlinzi wa lango.

“Namtafuta mtu wa hapo kiwandani,” Subilaga akasema. “Simjui jina. Ni mtu mzima. Kila siku saa nne anapanda ngazi.”

“Huyo ni Mama Velinasi, wa tangi la maji ya chumvi. Ndiye anayepima. Kwani kuna nini?”

“Naomba niongee naye.”

Alisubiri muda mrefu akisikiliza upepo wa Uvinza kwenye simu. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, nzito na ya taratibu.

“Haloo.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Naitwa Subilaga. Napiga kutoka Kitulo.”

“Kitulo simjui mtu.”

“Hunijui, mama. Naomba uhakikishe mlinzi hasikii.”

Mlango ulifungwa. “Sema.”

“Una kifaa kifuani, upande wa kushoto. Aina ya K3.”

Subilaga hakuwa na haja ya kutazama kioo kujua moyo ule unafanya nini, lakini macho yalikwenda yenyewe. Mia moja na kumi na nane. Akanyoosha mkono akakizima kioo.

“Nani kakuambia?” Mama Velinasi aliuliza.

“Kifaa chenyewe. Mimi ndiye nilikiagiza kiniambie.”

“Rudia.”

Akarudia. Alieleza yote kwa mpangilio, kuanzia ujenzi uliokwama, miji isiyo na maji, siku arobaini, faili la miaka ya msako, neno moja aliloongeza. Hakujitetea, ila alisema kwamba alitaka kumwokoa. Kisha akasema na lile ambalo angeweza kulificha. “Nilikupata Alhamisi asubuhi. Leo ni Jumamosi. Siku hizi zote nilikuwa nakutazama.”

“Unanitazama nini?”

“Mapigo.”

Sauti ya Mama Velinasi haikuwa ya hasira, na Subilaga angependa ingekuwa ya hasira.

“Nilikuwa na kaka yangu, Sabuni. Ugonjwa wetu ni wa ukoo, tuliwekewa hivi vifaa wiki ileile moja. Miaka ile ya msako alijificha ndani ya pipa la kuhifadhia chumvi, hapahapa. Aliziba pumzi. Askari walikuja na kisanduku kidogo, hawakupekua hata mahali pamoja, walikwenda moja kwa moja kwenye pipa. Moyo wake ulikwenda mbio kwa hofu, na wao wakaufuata. Mimi baadaye kivuko nilichopanda kilizama Mto Malagarasi, jina langu likasomwa kati ya waliokufa. Nikanyamaza. Nikasema, haya, nimekufa, na waniache.”

“Sikujua, mama.”

“Hukujua. Na jana alasiri, uliona?”

“Niliona. Nilidhani unakufa.”

“Nilikuwa nalia,” Mama Velinasi akasema. “Hilo halikuwa lako kuliona.”

“Halikuwa langu.”

“Umeingia kifuani mwangu hata hodi hujapiga.”

Subilaga alijaribu kusema pole, lakini aliliona neno lenyewe dogo, akaliacha.

“Sasa nisikilize,” Mama Velinasi akaendelea. “Kwanza kitoe hicho kidudu. Habari ya kuishi tutaiongea baadaye.”

“Nikikitoa sitajua tena kama uko salama.”

“Ndiyo. Hutajua. Watu wote wanaishi hivyo.”

“Ipo hospitali Kigoma. Wanaweza kukuwekea kifaa kipya.”

“Nina miaka sabini na minane. Sipasuliwi tena. Na nikienda huko wataandika jina.”

“Bila jina rejesta inabaki sifuri, na sheria inasema aina yenye sifuri hufutwa.” Subilaga alifumba macho. “Kuna njia moja. Rejesta inakubali mtu asiye na jina, iwapo mjenzi wa Kituo atashuhudia kwa maandishi kwamba amezungumza naye.”

“Basi shuhudia.”

“Wataniuliza nilikupataje.”

Kule Uvinza mtu alipita akisukuma toroli. Magurudumu yalilia, yakapotea.

“Eh,” Mama Velinasi akasema. “Hapo ndipo pako, basi. Mimi kwangu nimeshamaliza.”

V

Jumapili Subilaga hakufungua vyumba. Alifungua faili la ujenzi la 211, akafuta neno mnasaji na amri ya chini yake, akaijenga K3 ya 211 upya. Kisha akaingia kwenye hazina ya msimbo akalifuta faili lenyewe, pamoja na nakala zake zote, jambo ambalo mtu fulani alipaswa kulifanya miaka ishirini na minane nyuma. Jumatatu saa moja asubuhi kifaa kilichukua marekebisho. Kioo hakikuonyesha mnara wala mapigo. Alijua kitakuwa hivyo, na bado alikaa akikikodolea macho mpaka jua likafika mezani.

Ndipo akaandika ushahidi. Ulikuwa ukurasa mmoja. Aliandika kwamba amezungumza na mtu mmoja aliye hai mwenye K3, ambaye hataki kutajwa. Aliandika jinsi alivyompata. Aliandika pia kuhusu zile siku, Alhamisi hadi Jumamosi, ingawa hakuna sheria iliyomtaka kuliandika hilo. Akautuma Dodoma.

Salha alipiga ndani ya dakika ishirini.

“Umeandika mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

“Ungeniambia Jumatano.”

“Ningekuambia ungekataa.”

“Ningekataa,” Salha akasema. “Na ungekuwa na haki ya kunilaumu mimi, badala ya hivi.” Akapumua. “Unajua sina budi. Haki yako ya kutia saini inaisha. Nitaleta mtu mwingine hapo, na sijui nitampata wapi, kwa kuwa hakuna anayetaka kuishi huko. Miezi miwili, pengine mitatu. Mpaka afike utajenga wewe, nami nitatia saini pamoja nawe, mstari kwa mstari. Halafu utashuka.”

“Na K3?”

“Rejesta sasa inasema mmoja. Irudishe kwenye 213. Huyo mtu. Alikasirika?”

“Hapana.”

“Ni afadhali angekasirika.”

“Ndiyo,” Subilaga akasema. “Nami niliona hivyo.”

Marekebisho ya kompaila yalichukua siku saba badala ya sita. Kila kiungo alichokigusa kilivunja kingine. Faili la ujenzi lilimrudisha nyuma mara thelathini, mara arobaini, nalo lilikuwa na haki kila mara. Mchana alijenga, jioni alisoma msimbo wa watu waliokufa kabla hajaanza kazi, maelezo mafupi waliyoachiana pembeni mwa mistari: usiguse hapa, tuliumia; huu mstari tuliujaribu, haukufaa. Jumatatu iliyofuata saa tisa alasiri ujenzi ulipita K3 bila kusimama, ukaendelea na shabaha zilizofuata kana kwamba hapakuwahi kuwa na tatizo. Salha alitia saini kutoka Dodoma. Subilaga akatia yake, moja kati ya saini chache zilizombakia.

Hakumpigia Mama Velinasi. Aliona hana haki ya kuisumbua namba ile tena.

Alhamisi, karibu na saa sita mchana, simu iliita, na haikuwa Dodoma.

“Mlinzi amenitafutia namba,” ile sauti nzito ikasema. “Nimepanda ngazi leo sijaanguka. Nikaona nikuarifu, kwa vile nimekukataza kuangalia.”

“Ahsante, mama. Toleo lilitoka Jumatatu. Umepata siku nyingine arobaini, na aina yako haifutwi tena.”

“Na wewe wamekufanyaje?”

“Nitashuka. Mwezi wa tisa, au wa kumi.”

“Kushuka wapi?”

Subilaga aligundua kwamba swali hilo hakuwa amejiuliza. Huko chini nyumba ya wazazi ilikwisha kuuzwa. Watu aliowajua walikuwa wamezoea kutomjua.

“Sijui bado,” akasema.

“Huko juu uko na nani?”

“Niko mwenyewe.”

“Tangu lini?”

“Tangu Juni ya mwaka jana.”

Subilaga alisikia kiti kikiburuzwa kule Uvinza na mtu akikaa, polepole, kwa kuguna kidogo, kama anayekusudia kukaa kwa muda.

“Siku moja nitakuambia nililia nini ile Ijumaa,” Mama Velinasi akasema. “Siyo leo. Wewe umeniangalia siku tatu na mimi sijakujua hata umri. Leo sema wewe.”

“Nianzie wapi, mama?”

“Popote. Mimi tangi nimeshapima.”

Subilaga alivuta kiti karibu na dirisha. Hakujua namna ya kuanza, kwa hiyo alianza na hali ya hewa, kwamba leo jua limetoka na umande umeyeyuka mapema. Akasema ana miaka hamsini na mitatu. Akasema wengine walikuwepo, akawataja majina mmoja mmoja, na alipofika kwa yule aliyezikwa Rungwe alilirudia jina mara mbili. Mama Velinasi hakumharakisha.